Mafundi wa "kurudisha rangi", acheni kutumalizia magari kwa msasa 800

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa hasira na siurembi.

Kila penye mpira wa maji na ndoo ya povu siku hizi pana bango: "Tunarudisha rangi ya gari, inakuwa mpya." Sogea uone vifaa. Msasa 800 (namba ikiwa ndogo, msasa unakwangua zaidi), kopo la kompaundi lisilo na maelezo yoyote, fulana kuukuu, na chupa ya mafuta ya taa ya "kumalizia". Corolla 110 inapigwa hivyo, Land Cruiser mkonga hivyohivyo, Mark II GX100 ya metaliki nayo hivyohivyo. Mwenye gari anaondoka anang'aa, anaosha mara mbili, boneti inarudi kuwa kama ubao wa chaki. Akirudi kulalamika anaambiwa jua la Dar kali.

Jua la Dar ni kali, hilo hatubishani. Ndiyo maana boneti, paa na kifuniko cha buti hufa kabla ya milango. Lakini jua halijashika msasa 800.

Tatizo linaanza pale ambapo fundi hapimi ni rangi gani iko mbele yake. Ziko za aina mbili na hazitibiwi sawa. Kuna rangi isiyo na kliya (tabaka la juu linaloona, lisilo na rangi), yaani rangi na mng'ao viko kwenye tabaka lilelile. Toyota nyingi nyeupe za zamani ziko hivyo, zikiwemo nyingi zenye kodi 040 (tazama kibati cha chasisi, mstari wa C/TR). Halafu kuna rangi ya chini iliyofunikwa na kliya, ambayo ndiyo metaliki na lulu karibu zote za miaka ya 90 kuja huku. Kupima ni dakika mbili: chukua kitambaa cheupe, weka polishi kidogo, sugua sehemu isiyoonekana, mfano chini ya mlango. Kitambaa kikishika rangi ya gari, hakuna kliya. Kikibaki cheupe au kikachafuka uchafu wa kawaida tu, unasugua kliya.

Gari likiwa limewahi kupigwa rangi mtaani, ongeza kipimo kingine: gusisha kitambaa chenye thina ya NC (nitroselulosi, rangi isiyochanganywa na kigumishi) mahali pa siri. Rangi ikiyeyuka upesi ni NC, laini, inalika haraka. Isipoyeyuka ni 2K, ile inayochanganywa na kigumishi. Msasa unaovumilika kwenye 2K utaimaliza NC mpaka kwenye praima (rangi ya msingi) kabla hujamaliza kuongea.

Sasa hasira yenyewe. Rangi nzima ya kiwandani, kuanzia praima mpaka juu, kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150. Kliya peke yake huwa kama 40 au 50, pungufu ya unene wa unywele. Mistari ya 800 ni mirefu kwenda chini kiasi kwamba ili uifute yote lazima ule sehemu kubwa ya kliya, na kwa mkono huifuti. Unaifukia kwa mafuta na nta, ndiyo huo mng'ao wa wiki moja. Kliya ndiyo inayobeba kinga ya mionzi ya jua, kwa hiyo ukiila, rangi ya chini imebaki uchi. Na kwenye kingo za boneti na mikunjo ya milango rangi huwa nyembamba zaidi, maana ikiwa mbichi hujivuta kutoka kwenye ncha. Hapo ndipo praima inapochungulia kwanza, na fundi anasema "hiyo ilikuwepo".

Kazi ya mkono ikifanywa inavyotakiwa inakwenda hivi, nasi tunaoijua tumechoka kuieleza.

Osha kwa shampuu ya gari. Sabuni ya unga ni kali na ina chembe, iacheni kwenye nguo. Kisha udongo wa kusafishia rangi (clay bar), ukiteleza juu ya maji yenye shampuu, mpaka kiganja kisihisi chembechembe. Udongo ukianguka chini, tupa, usiupanguse ukaendelea nao. Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo, mikunjo, mipira ya vioo na plastiki nyeusi. Gari liwe kivulini na bati liwe la baridi ukiligusa kwa mgongo wa mkono. Asubuhi mapema ndiyo muda wake. Kwenye bati la moto polishi inakauka kabla haijafanya kazi, unabaki unakwangua unga.

Kama haina kliya, usianze na kukwangua. Rangi hiyo imekauka. Kwenye nyeupe, dioksidi ya titani, yaani chembe zinazoipa weupe, ikipigwa na jua inasaidia kuvunja gundi ya rangi, ndiyo huo unga mweupe unaobaki mkononi. Paka kwa wingi polishi ya mafuta isiyokwangua (Meguiar's No. 7 ndiyo inayosifika kwa kazi hii), sugua kwa taulo ya pamba, acha saa 12 hadi 24, futa, rudia. Hatua hii mafundi wetu hawaijui kabisa, na ndiyo inayookoa rangi ambayo wangeimaliza kwa msasa. Baada ya hapo ndipo polishi yenye ukwanguzi mdogo.

Fanya kipande cha majaribio kwanza, sentimita 40 kwa 40. Matone manne ya polishi kwenye sponji iliyo bapa. Usitumie ncha za vidole, zinaacha mifereji kwa sababu kani yote inakaa sehemu moja. Sugua mistari iliyonyooka, kwenda na kurudi, kisha kwa kukatiza, kila mstari ukipanda nusu ya uliopita. Futa kabla haijakauka. Kitambaa cha maikrofaiba kikunje mara mbili, kiwe robo, upate nyuso nane, na geuza kila kikijaa. Rangi isiyo na kliya inajaza kitambaa haraka sana, na kitambaa kilichojaa kinarudisha uchafu uleule. Boneti moja inaweza kula vitambaa sita na zaidi ya saa nzima. Anayekuahidi gari zima kwa dakika 40 kwa mkono hakurudishii rangi, anakupaka mafuta.

Msasa uwe suluhisho la mwisho: 3000 wa maji, ulioloweshwa dakika 15, juu ya kibao laini, na uwe na uhakika kompaundi uliyonayo inaweza kufuta alama zake. Kwenye kliya, hata 2000 kwa mkono ni mateso.

Kliya iliyoanza kubabuka, ukucha ukipita unahisi ukingo, haina polishi. Iwe kwa mashine, iwe kwa mkono, hairudi. Hapo ni kukwangua na kupiga rangi upya. Anayekupulizia kliya ya kopo juu ya hayo magamba amekuibia, itabanduka pamoja na magamba yenyewe. Na wale wa "seramiki" (kinga ngumu ya kupaka) juu ya rangi isiyoandaliwa wanakufungia ubovu ndani.

Mafuta ya taa na dizeli yanaipa rangi mwonekano wa kulowa kwa siku chache na kunasa vumbi. Bidhaa za silikoni ndizo zinazomtesa mpiga rangi baadaye, rangi mpya inatoboka matundu ya duara kila mahali. Oili ya breki, kwa wanaoiamini, inavua rangi.

Kabla ya kulipa, mwambie fundi afute sehemu moja kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, sehemu moja kwa maji sehemu nne (kama ni NC, tumia maji ya shampuu tu). Mikwaruzo ikijitokeza, umeuziwa nta. Akikataa kufuta, jibu umepata.

NYONGEZA, maana naona maswali yanajirudia:

Nyekundu iliyogeuka waridi: ikiwa haina kliya, mara nyingi inarudi, kwa sababu iliyokufa ni ya juu. Ikiwa rangi imepauka chini ya kliya, hakuna kinachofika huko.

Metaliki ya zamani isiyo na kliya: kitambaa kitatoka cha kijivu, hiyo ni alumini. Pita kidogo sana, ukizidisha unapata mabaka ya vivuli tofauti yasiyofutika.

Nta ya karnauba kwa jua letu ni wiki chache. Kinga ya kutengenezwa inaweza kufika miezi mitatu na kuendelea.

Plastiki nyeusi iliyoshika polishi ikawa nyeupe: brashi laini, maji ya uvuguvugu na shampuu, siku hiyohiyo. Na tepu hukubandika kwa nini?