Wadau naomba ushauri: holi na elektroni za grafini zimenikwamisha, Ijumaa nawasilisha

NyotaWaRongai: Habari za jioni wadau. Nasoma shahada ya uzamili ya fizikia hapa Nairobi. Utafiti wangu ni nukta za kwantamu za grafini, ile karatasi ya kaboni yenye unene wa atomi moja; nukta ni kipande kidogo mpaka elektroni inakosa pa kukimbilia. Grafini pana haina pengo kati ya viwango vya nishati vya holi (nafasi iliyoachwa na elektroni) na vya elektroni. Ukiikata ndogo, pengo linatakiwa lifunguke. Langu halifunguki vizuri. Niahirishe ama niende hivyo hivyo? Usingizi sipati.

FundiStima: Ahirisha. Mimi diploma niliahirisha, leo naunganisha stima Githurai na nakula vizuri tu.

MamaPendo: Mwanangu, umekula lakini?

Mzee_wa_Selotepu: Geim na Novoselov walibandua grafini kwa selotepu, 2010 wakachukua Nobel. Nyinyi mna laptopu na bado mnalia.

Kalkuleta: "Vizuri" ndiyo nini? Hiyo nukta ina umbo gani, na kingo zake zikoje?

NyotaWaRongai: Umbo la kawaida tu.

Kalkuleta: Dada, kwa grafini hakuna umbo la kawaida. Sema.

NyotaWaRongai: Haya. Pembetatu, kingo za zigizagi, atomi 61. Nimehesabu elektroni ikiruka kwa atomi jirani za karibu pekee. Viwango 28 vya holi viko chini, 28 vya elektroni juu, vinaakisiana sawasawa. Katikati vimebaki 5, vyote nishati sufuri kabisa. Nimevifuta kwenye grafu, na bango liko River Road linachapishwa. Lakini jamani, si holi, si elektroni, ningeviweka wapi? Na msimamizi mwenyewe ndiye alitaka pengo.

FundiStima: Kumbe hukuja kuuliza, umekuja kubarikiwa.

MamaPendo: Uongo mdogo ndio huzaa mkubwa. Shemeji yangu alianza na risiti za petroli.

Kalkuleta: Mama, ngoja kidogo. Nyota, atomi za grafini ziko makundi mawili, A na B, na majirani wa kila A ni B. Atomi zako 61: 33 kundi moja, 28 la pili. Tofauti ni 5! Programu haijakosea. Nukta isipokuwa na chaji, kila kiwango cha hivyo 5 hukaliwa na elektroni moja, na spini zote, yaani usumaku mdogo wa kila elektroni, huelekea upande mmoja. Mwanafizikia Lieb alilithibitisha jambo hilo 1989 kwa modeli ya Hubbard, ile ya elektroni zinazosukumana. Umefuta sumaku, dada.

NyotaWaRongai: Msimamizi hakutaja sumaku.

Jicho_la_Tatu: Tulieni. Huyu mwezi jana alikuwa anauza kuku hapa hapa. Leo ni mwanafizikia? Uzi wa kutunga huu.

Mzee_wa_Selotepu: Na 33 kutoa 28 kuwa 5 pia ametunga?

Jicho_la_Tatu: Atume picha ya bango.

NyotaWaRongai: Bango lenyewe nimepiga simu, limeshatoka. Jingine nilipe upya. Na kuku ni wangu, nani alisema mwanafizikia hali?

FundiStima: Ni wa kienyeji ama broila?

NyotaWaRongai: Kienyeji. Njoo inbox.