Mjadala: Asiyepimwa Mlangoni, Apimwe Kaburini?

Mwanzisha mada, Buruburu

Swali ninaloliweka mbele yenu ni hili: kampuni ya bima ya maisha iliyompokea mteja bila kumpeleka kwa daktari, ikapokea ada yake mwezi baada ya mwezi, je, iruhusiwe kukataa kuilipa familia yake kwa sababu ya ugonjwa ambao ingeugundua kwa kumfunga mkononi kipimo cha shinikizo la damu kwa dakika mbili? Mimi nasema isiruhusiwe, lakini nimefungua mjadala ili nipingwe.

Mume wa dada yangu alikuwa fundi wa magari, Industrial Area. Wakala alimkuta gereji, akamweleza habari za bima ya shilingi 500,000 isiyodai vipimo, na maombi yakajazwa papo hapo katika simu ya wakala. Maswali yalikuwa manne. La tatu liliuliza kama mwombaji amewahi kutibiwa moyo, kisukari, saratani, figo au shinikizo la damu katika miaka 5 iliyotangulia, na jibu lililoingizwa ni "hapana". Jioni ile shemeji alimsimulia dada kwamba wakala ndiye aliyekuwa akibonyeza, kwa kuwa mikono yake mwenyewe ilikuwa imejaa grisi. Kama alisomewa swali lote au aliambiwa tu "wewe ni mzima, sivyo?", hakuna aliye hai anayeweza kutuambia isipokuwa wakala huyo, naye ameshahamia kampuni nyingine.

Alilipa shilingi 1,150 kila mwezi kwa miezi 31, kisha akafa kwa kiharusi. Dada alipeleka cheti cha kifo, kibali cha mazishi na kitambulisho, akadhani yamekwisha. Akaombwa daftari la kliniki. Alilitoa bila wasiwasi, maana lilikuwa pamoja na bahasha ya kaki yenye vidonge vilivyobaki, na ndani yake palikuwa na mstari mmoja wa wino wa buluu ulioandikwa mwaka mmoja kabla ya bima kukatwa: 160/100, amlodipine 5 mg, arudi baada ya mwezi, yaani shinikizo la juu la damu na dawa yake. Barua iliyofuata ilisema mkataba umebatilishwa tangu mwanzo na kwamba ada zote, yaani shilingi 35,650, zitarudishwa.

Kwa hiyo ninapoona tangazo la "bila kupimwa", nasoma kwamba kipimo kimeahirishwa tu mpaka siku ambayo mwenye kuulizwa hawezi kujibu.

Wakala wa Zamani, South B

Pole kwa msiba, dada. Nimeuza bima kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nami nitasema lisilopendeza: swali liliulizwa na jibu halikuwa la kweli. Ikiwa wakala ndiye aliyelipotosha, hilo ni kosa la wakala na linapaswa kushtakiwa hivyo. Lakini hatuwezi kutunga kanuni ya wote kutokana na wakala mmoja mvivu.

Watu hudhani kampuni huacha kupima kwa ukarimu au kwa hila, kumbe ni hesabu. Daktari, maabara na, kwa kiasi kikubwa cha bima, kipimo cha umeme wa moyo, vyote hulipwa na kampuni. Kwa bima ndogo, gharama hiyo ingemeza ada za miezi mingi, na mtu anayelipa shilingi elfu moja kwa mwezi asingeuziwa kitu. Ndiyo maana kila kampuni huweka kiwango, kwa kufuata umri na kiasi cha bima, ambacho chini yake maswali hushika nafasi ya sindano. Ukiondoa uzito wa majibu, mtu atasubiri augue ndipo akate bima, na ada za wanaosema kweli zitapanda kumfidia anayeficha, mpaka wazima wajitoe na kapu libaki na wagonjwa watupu.

Na ipo bima isiyouliza lolote. Marekani huuzwa hasa kwa watu wa kati ya miaka 50 na 80: kiasi chake ni kidogo, ada ni ghali, na anayekufa kwa ugonjwa ndani ya miaka 2 ya kwanza familia yake kwa kawaida hurudishiwa ada pamoja na riba kidogo, ilhali kifo cha ajali hulipwa chote. Hiyo ndiyo bei ya kutoulizwa. Shemeji alinunua ya maswali, kwa bei ya maswali. Watu wanachanganya hizi mbili kwa sababu sisi mawakala, nakiri, tuliziita zote "bila kupimwa".

Kwa kijana mzima asiyevuta sigara nitaongeza jambo ambalo wakala hapendi kulisema kwa sababu linachelewesha kamisheni: aende akapimwe. Akiikwepa sindano atatozwa ada ya mtu asiyejulikana hali yake, na tofauti hiyo ataibeba kwa miaka 20.

Wakili, Milimani

Kanuni anayoisimamia Mzee Wakala ndiyo tunayoiita nia njema kamili, yaani wajibu wa kumweleza mwenzako katika mkataba ukweli wote unaohusu hatari inayokatiwa bima, na chimbuko lake ni kesi ya Carter dhidi ya Boehm, iliyoamuliwa Uingereza na Lord Mansfield mwaka 1766. Wengi huitaja kana kwamba ni rungu la kumpiga mkata bima. Ni vyema wakumbuke nani alishinda. George Carter, gavana wa ngome ya Marlborough kule Sumatra, alikatiwa bima dhidi ya kutekwa kwa ngome hiyo na adui kutoka Ulaya. Wafaransa wakaiteka mwaka 1760. Mtoa bima akakataa kulipa akidai kwamba udhaifu wa ngome ulifichwa. Mansfield alimpa ushindi Carter. Sehemu ya hoja yake ilikuwa kwamba mtu aliyeipokea ada huku akijua hajaelezwa hali ya ngome, wala hakuuliza, hawezi kuja baadaye kulalamika kwamba hakuelezwa.

Waingereza wenyewe walibadilisha sheria hiyo mwaka 2012 kwa bima za watu binafsi. Wajibu wa mteja sasa ni kuchukua uangalifu wa kadiri asitoe maelezo ya uongo anapoulizwa, si kujitolea kusema kila kitu. Akikosea kwa uzembe bila kukusudia, na kampuni ingemkubali kwa ada kubwa zaidi, fidia hupunguzwa kwa uwiano. Yaani kama ada ya kweli ya yule fundi ingekuwa shilingi 1,725 na yeye alilipa 1,150, familia ingepata theluthi mbili, takriban shilingi 333,000. Hapo uwongo wa makusudi bado unaadhibiwa, na kusahau hakumwachi mjane mikono mitupu. Marekani nako, majimbo kwa kawaida huipa kampuni miaka 2 tu ya kuyahoji majibu ya fomu. Ikipita, hulipa, isipokuwa kwa udanganyifu mahali ambapo sheria ya jimbo bado inaruhusu uhojiwe.

Muuguzi, Eastlands

Nataka kuutetea uchunguzi wenyewe, maana mnauzungumzia kama adhabu. Watu wengi wenye shinikizo la damu hawalijui, kwa sababu haliumi. Nimewaona wanaume wa miaka 40 waliojua hali yao mara ya kwanza kwa sababu kampuni ya bima iliwatuma maabara kwa gharama yake. Tena msiogope kipimo kimoja kibaya: aliyepanda ngazi mbiombio akapimwa kabla hajapumzika anaweza kuonekana mgonjwa, na ana haki ya kuomba apimwe upya.

Kuhusu siri, taarifa za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Muulize wakala fomu yako inakwenda wapi. Fomu iliyojazwa katika simu ya mtu binafsi inanitia hofu kuliko sindano.

Karani wa Sacco, Ngara

Mmeisahau njia ambayo watu wengi wa Nairobi tayari wamo bila kujua. Bima ya kikundi kupitia mwajiri, Sacco au chama huingiza watu kwa orodha. Mlinzi wa usiku na mhasibu hukubaliwa pamoja, na hakuna anayepimwa mpaka kiasi chake kipite kiwango ambacho kampuni imekubaliana na kikundi. Kwa mwenye ugonjwa wa kudumu huo ndio mlango mpana kuliko yote.

Mlango huo lakini hufungwa siku unapoacha kazi. Pia bima ya mkopo, ambayo wanachama hunijia dirishani wakidhani ni urithi wa watoto, humlipa kwanza aliyekopesha. Mama mmoja alikaa mbele yangu asubuhi nzima akisubiri hundi. Nilimweleza mara tatu kwamba alichopata ni deni la mumewe kufutwa, na kwamba hilo si dogo, lakini hakuna pesa ya kubeba nyumbani.

Tena, kuna jambo la sheria yetu wenyewe. Sheria ya Kinga na Udhibiti wa VVU na UKIMWI ya mwaka 2006, kifungu cha 35, inaitaka kampuni ya bima ya maisha iweke kiwango cha kadiri ambacho chini yake mwombaji hatakiwi kutaja hali yake ya VVU. Akitaka zaidi ya kiwango hicho, kampuni inaweza kudai kipimo. Akipatikana na virusi, inaweza kumwongezea ada kwa kadiri, naye akiona kadiri hiyo si ya haki anaweza kukata rufaa kwa Kamishna wa Bima. Kwa hiyo wazo la "chini ya kiwango hiki usiulize, na usipouliza lipa" si geni hapa. Lilikwisha kuandikwa kwa ugonjwa mmoja. Nashangaa kwa nini shinikizo la damu lisipewe heshima hiyohiyo.

Mama wa Viondo, Kariokor

Mimi nina miaka 61 na kisukari tangu 2009, nami nilichagua bila kupimwa nikiwa macho wazi. Bima yangu ni ya mazishi tu, shilingi 100,000, haina swali la afya, na ina miezi 6 ya kusubiri kwa kifo cha ugonjwa. Nalipa shilingi 650 kwa mwezi. Mjukuu wangu alinipigia hesabu kwenye karatasi ya kufungia kiondo: kwa mwaka ni 7,800, hivyo nikiishi miaka 13 nitakuwa nimetoa zaidi ya watakachopata. Nikamwambia nikiishi miaka 13 tutacheka pamoja. Kwetu ni Bondo, na gari la kunifikisha huko halingoji kamati ya mazishi imalize kusoma orodha ya ahadi.

Nilimsomesha wakala ukurasa wa yasiyolipwa kwa sauti, mstari kwa mstari, mteja wangu akisubiri. Alikasirika. Akasoma.

Wakala wa Zamani

Hoja ya uwiano aliyoileta Wakili naikubali kuliko ile ya kulipa yote. Lakini muda wa miaka 2 kwa bima inayouzwa barabarani kwa simu utazivunja kampuni ndogo, au zitarudi kupima kila mtu, na wa kwanza kukosa bima atakuwa huyo mama wa Kariokor.

Mwanzisha mada

Mama wa Kariokor hatakosa, Mzee, kwa sababu bima yake haina swali la kubatilishiwa. Hatari yake ilishalipiwa kwa miezi 6 na kwa kiasi kidogo. Hiyo ni biashara safi, na naona sasa kwamba ugomvi wangu si na bima ya bila vipimo yote. Ugomvi wangu ni na ile ya katikati, inayouliza haraka na kuchunguza polepole. Kampuni iliyopata nafasi ya kuliomba daftari la kliniki baada ya kifo ilikuwa na nafasi ya kuliomba kabla. Ingetosha kumtumia shemeji majibu yake yote kwa ujumbe wa simu, kwa Kiswahili, na kumpa siku kadhaa ayasahihishe. Gharama ya ujumbe haifiki bei ya andazi. Mamlaka ya Udhibiti wa Bima inaweza kulidai hilo, na dada amekwisha kupeleka malalamiko yake ofisini kwao, Upper Hill, akiambatisha maelezo kuhusu nani aliyebonyeza simu. Hatujajibiwa.

Wiki iliyopita nimekata bima yangu mwenyewe, ya maswali, bila vipimo. Nilipofika kwenye swali la dawa niliandika kwamba natumia vidonge vya shinikizo la damu tangu 2021. Kijana aliyeniuzia alinishauri kwa upole niache nafasi hiyo wazi, "maana mama, hii haihitaji mambo ya hospitali." Nilikataa, nikapiga picha ya ukurasa huo pamoja na sahihi yake na tarehe, nikamtumia dada aiweke. Jibu la kampuni lilikuja baada ya siku 4: nimekubaliwa, ada imeongezwa kwa shilingi 420 kwa mwezi. Nimelipa.