Naanza mazoezi ya upanga wa Kijapani, ninunue nini kwanza na nini niachane nacho?

Mgeni_wa_Dojo
Wakuu habari zenu, naomba muongozo kwa wanaojua haya mambo. Nimeamua kuanza upanga wa Kijapani, dojo (ukumbi wa mazoezi) niliyoipata wana kendo, ile ya kupigana na mwenzio kwa upanga wa mwanzi, na siku nyingine wana iaido, ile ya kuchomoa upanga na kukata hewa peke yako, bado sijaamua nikae upande gani. Sasa nimeingia onlaini kuangalia vifaa kichwa kinauma, kuna seti ya panga tatu na stendi yake wanasema chuma cha pua "tayari kwa mazoezi", kuna za mbao, za mianzi, kuna hizo sketi za marinda kila rangi. Gi (nguo ya mazoezi) ya judo ya zamani ninayo, inafaa au nitachekwa? Halafu mimi ni mashoto, kuna vifaa vya mashoto? Magoti nayo hayako vizuri sana, na urefu wangu ni sentimeta 172 kama inasaidia kwenye saizi. Msinicheke tafadhali.

Mianzi_Minne
Karibu mkuu, hakuna wa kukucheka hapa wote tulianzia hukohuko.

Hiyo seti ya panga tatu achana nayo kabisa, hilo ni pambo la ukutani. Chuma cha pua kwenye upanga mrefu vile kinakatika ghafla, halafu ukifungua mpini ndani unakuta kichuma chembamba kama msumari kimechomelewa pale, siyo upanga wenyewe ulioingia mpaka ndani ya mpini. Ukikata nao hewani kwa nguvu unachomoka unaruka, wewe umebaki na mpini mkononi na jamaa aliyesimama mbele yako sijui kakukosea nini.

Pili usinunue kitu chochote kabla hujaongea na mwalimu wa hapo. Siku za mwanzo nenda na suruali ya mazoezi na tisheti, miguu peku, kata kucha, vua pete na saa. Dojo nyingi zina bokuto, yaani panga za mbao, za kuazima kwa wageni.

Ukiangukia kendo kitu cha kwanza kuwa nacho chako mwenyewe ni shinai, upanga wa mwanzi. Mtu mzima anatumia saizi namba 39, kwa sheria za mashindano urefu usizidi sentimeta 120 na uzito usipungue gramu 510 kwa wanaume, 440 kwa wanawake. Kwa mazoezi ya kuanza iliyo nyepesi kidogo siyo dhambi, bora kuliko kujivunja bega.

Ila mkuu ukishainunua ndo kazi inaanza. Shinai ni vipande vinne vya mwanzi vimefungwa na ngozi huku na huku na kamba moja inapita mgongoni (upande wa kamba siyo wa kupigia, upande wa pili ndo makali). Kila kabla ya zoezi ishike karibu na macho uizungushe polepole, pitisha kitambaa kwenye kingo za mwanzi, kikinasa popote hapo pana kibanzi. Kibanzi kidogo unakwangua na msasa mpaka kilainike, mwanzi ukiwa umepasuka unabadilisha hicho kipande, usifunge na utepe wa gundi kama ninavyoona wengine wanafanya. Angalia na kofia ya ngozi kule nchani kama haijatoboka, na ule ukanda wa ngozi unaofunga karibu robo ya urefu kutoka nchani usiwe unateleza. Kisa ni kwamba nyavu ya chuma usoni kwenye kofia ya kinga ya mwenzio inazuia shinai nzima, haizuii kibanzi, na nyuma ya nyavu kuna jicho.

Bogu, yaani zile kinga za kichwa, mikono, kifua na nyonga, sahau kwa sasa, utakaa miezi unapiga hewa na kujifunza kutembea kwanza.

Bi_Hakama
Mimi niseme ya nguo maana wanaume mnaruka hapo. Gi ya judo kwa siku za mwanzo vaa tu, tatizo lake ni nzito, kola ngumu na mikono mirefu, kwenye kendo ule mkono unagombana na kote (zile glavu za kinga) na kwenye iaido unanasa mpini ukichomoa. Ya karate afadhali kidogo. Ukija kununua ya kendo mikono inaishia chini kidogo ya kiwiko, ya iaido ni mipana zaidi.

Hakama sasa, hiyo sketi ya marinda. Usiagize kwa kuangalia urefu wako peke yake, chati nyingi zitakuweka 25 au 26 ila watu wa urefu mmoja miguu haifanani. Pima kuanzia mfupa wa nyonga pale unapofungia mpaka kwenye kifundo cha mguu. Namba 25 ni kama sentimeta 95 na kila namba inaongeza karibu 4. Ikiwa ndefu utaikanyaga, na kwenye iaido ni balaa zaidi maana unainuka kutoka magotini, kidole gumba kinaingia kwenye pindo la mbele halafu unaenda kifudifudi na upanga mkononi.

Kitambaa nunua poliesta ukianza. Unafua, unaanika, marinda yake matano ya mbele yanabaki yamesimama. Pamba ya bluu ya asili ni nzuri sana sikatai, lakini inatoa rangi, miguu bluu, mikono bluu, mashuka bluu, ukifua na nguo nyingine umeziaga.

Mianzi_Minne
@Bi_Hakama kwenye poliesta hapo dada tunaachana njia. Kwa iaido sawa, ila kendo unatoka jasho mpaka unaloa, poliesta inang'ang'ania mapajani, pamba inanyonya na inatulia kwa uzito wake. Afue peke yake kwa maji baridi, basi.

Bi_Hakama
Sawa, na kukunja rinda moja moja kila baada ya mazoezi atakukunjia wewe 😂

Ala_Tupu
Nijibu ya iaido na ya mashoto. Hakuna vifaa vya mashoto mkuu, wote tunavaa upanga kushoto na kuchomoa kwa kulia. Usisikitike, kwenye kendo mkono wa kushoto ndo unashika mwisho wa mpini na ndo unaoendesha upanga, sisi wa kulia tunasumbuka kuacha kutumia kulia kupita kiasi.

Kuanza iaido chukua bokuto yenye ala ya plastiki. Kwenye mbao tafuta mwaloni mweupe, na angalia mistari ya mti, iende moja kwa moja kutoka nchani mpaka mwisho wa mpini, ikikatizia pembeni hapo ndo itakapovunjikia. Yenye vanishi nzito inateleza ukishatoka jasho. Ya kawaida ni kama mita moja na kitu, ila kama dojo ni ya kenjutsu ya kale (shule za zamani za upanga) uliza kwanza, wa shule ya Katori Shinto-ryu wana bokuto ya umbo lao, wa shule ya Yagyu Shinkage-ryu wanatumia mwanzi uliovalishwa mfuko wa ngozi.

Iaito ni baadaye. Ni upanga usio na makali wa mchanganyiko wa zinki na alumini, wa kukata hewa tu, usigonganishe na kitu. Urefu wake unahesabiwa kwa shaku, kipimo cha Kijapani, 1 ni sentimeta 30.3, kwa kimo chako wengi watakupeleka 2.4 au 2.45, yaani sentimeta 73 au 74 hivi, lakini shika wa kuazima mbele ya mwalimu kwanza maana urefu wa mikono unabadilisha hesabu. Kila siku kabla hujauchomoa angalia kile kijiti cha mwanzi kinachopita kwenye mpini, kikilegea usifanye mazoezi. Na mkanda wa judo haushiki ala, nunua obi pana inayozunguka kiuno mara tatu, inakaa chini ya hakama.

Magoti: vaa pedi nyembamba kama za wacheza voliboli ndani ya hakama, hazionekani, na mwambie mwalimu mapema. Kata (mienendo iliyopangwa ya kufuata) 12 za iaido za shirikisho la kendo la Japani ni 4 tu za kuanzia chini, 8 ni za kusimama, kwa hiyo una pa kuanzia.

Mgeni_wa_Dojo
Aisee nashukuru sana, seti nimeshaitoa kwenye kapu. Swali la mwisho, bogu ya mtumba wakati ukifika vipi, kuna mtu anaacha anauza yake?

Mianzi_Minne
Inawezekana ila uishike mwenyewe usinunue kwa picha. Anza na kote, geuza uangalie ngozi ya kiganjani, ikiwa imekuwa ngumu na ina matundu itabidi ishonwe upya, na binya pale juu ya kifundo cha mkono kama pamba ya ndani bado ipo, ikiwa imelala utalia kila ukipigwa. Kofia ivae na kitambaa cha kichwa, kidevu kikae kwenye pedi yake na macho yakute ile nafasi iliyo pana kuliko nyingine kwenye nyavu, ukilazimika kuinamisha kichwa ndo uone siyo yako hata akikupa bure. Harufu nayo, nusa, jasho la mtu la miaka halitoki.

Bi_Hakama
Na kitambaa cha kichwa nunua kipya jamani.