Barakoa ya CPAP inanimwagia maji usoni tangu baridi ya Njombe ianze

Mwalimu_Njombe

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za leo.

Nina tatizo la kukatika pumzi usingizini. Mwezi wa tatu nilipimwa Dar es Salaam, nikaanzishiwa mashine ya CPAP, ile inayokusukumia hewa ukiwa umelala, kwa presha ya 11, na barakoa inayofunika pua na mdomo. Nilikaa kwa kijana wangu Mbagala miezi miwili, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeuonja kwa miaka. Mimi niliyekuwa nasinzia nikisimamia mtihani, nilianza kuamka na kichwa chepesi.

Sasa nimerudi nyumbani Njombe, na tangu Juni iingie, kila ifikapo saa nane usiku nashtuliwa na maji usoni. Siku ya kwanza nilidhani bati linavuja. Mpira wa hewa, ule bomba linalotoka kwenye mashine hadi kwenye barakoa, unabubujika kama maharage jikoni, mke wangu anaamka kabla yangu. Asubuhi nikiukung'utia kwenye kikombe napata kama vijiko vitatu vya chai.

Kile kichombo cha maji kinacholainisha hewa, Dar nilikiweka namba 4. Huku koo likawa linakauka, nikapandisha hadi 6. Nikishusha hadi 2 maji yanapungua, ila pua inaziba. Alfajiri kipimajoto chumbani kinasoma nyuzi 11. Mpira wangu ni wa kawaida, hauna waya wa joto. Juzi nilivua barakoa saa tisa nikalala hivyo hivyo, na mke wangu anasema nilikata pumzi hadi akanitikisa kwa mikono miwili. Sitaki kabisa kurudi huko. Natanguliza shukrani.

Kijana_Makambako

Pole sana mwalimu. Shida ni chumba. Mzee wangu huingiza jiko la mkaa chumbani, panakuwa na joto mpaka asubuhi. Jaribu na wewe.

Nesi_Mstaafu

Mwalimu, nakuomba usifanye hivyo. Na wewe mwanangu wa Makambako, mpigie mzee simu leo hii aache. Mkaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inamuua mtu usingizini hata hajui. Chujio la CPAP linazuia vumbi tu, gesi hiyo haliizuii. Mashine inachota hewa ileile ya chumbani na kuisukuma puani usiku kucha.

Sasa maji. Huo ni umande, mwalimu, sawa na ule wa kwenye majani asubuhi. Hewa inatoka kwenye kichombo ikiwa na joto na mvuke, inapita kwenye mpira uliopoa, mvuke unageuka maji. Hewa ya nyuzi 27 hubeba mvuke karibu mara tatu ya hewa ya nyuzi 10, kwa hiyo ikipoa njiani lazima mvuke uliozidi ugeuke maji. Dar mpira haukupoa, ndiyo maana hukuona kitu. Ulipopandisha hadi 6 uliongeza mvuke kwenye mpira uleule wa baridi.

Usishushe namba peke yake, utarudi kwenye pua kavu. Upashe mpira joto. Uvalishe kitu cha sufu kuanzia kwenye mashine hadi karibu na barakoa, kisha uulaze chini ya blanketi pamoja nawe. Vile vitundu vya barakoa vinavyotoa pumzi viache wazi kabisa, usivifunike kwa sufu wala blanketi. Hapo ndipo hewa chafu unayotoa inapopitia.

Mashine nayo iteremshe kwenye kigoda, iwe chini ya usawa wa kitanda, ili maji machache yatakayobaki yarudi kwenye kichombo badala ya kukufuata usoni. Usiiweke sakafuni, itavuta vumbi. Na usiiinamishe wala kuibeba ikiwa na maji ndani, yataingia kwenye injini. Ukishamaliza hayo, anza na namba 4, ushuke moja kila baada ya usiku mbili tatu hadi upate panapokufaa.

Dada_Tabata

Sisi wa Dar yanatupata pia, mwalimu, ila kwetu mchawi ni kiyoyozi. Mume wangu alikuwa anakiweka nyuzi 18 halafu analalamika barakoa inavuja. Tulikipandisha hadi 25 na kugeuza upepo usipige kitandani, maji yakaisha. Baadaye tulinunua mpira wenye waya wa joto. Ni mzuri, lakini si kila mashine inaupokea, uliza kwanza kwa jina la mashine yako. Na unakula umeme, kama unatumia betri ukikatika jiandae.

Mwalimu_Njombe

Nimerudi baada ya usiku tisa. Mke wangu alikata mikono ya masweta mawili ya shule ya wanetu, akaiunganisha, ukapatikana mfuko unaoufunika mpira wote. Mashine iko kwenye kigoda. Nimetulia kwenye namba 4, koo halikauki, na kwenye kikombe sasa napata matone tu. Kububujika hakupo. Nesi, Mungu akubariki sana.

Kimebaki kitu kimoja: ndani ya barakoa kwenyewe, karibu na pua, asubuhi nakuta unyevu ingawa mpira ni mkavu.

Nesi_Mstaafu

Nimefurahi mno, na mama mpe pongezi zangu. Mpira ukiwa mkavu na barakoa ina unyevu, hiyo ni pumzi yako mwenyewe, ya joto, inagusa plastiki ya baridi. Weka kitambaa safi cha pamba karibu na mto, ukiamka usiku ipanguse. Asubuhi ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, uianike kivulini, na uitazame mwangani kama vitundu vyote viko wazi. Ukianza kuamka na kichwa kinauma, nenda kliniki, usingoje.