Thüringen: aliyeongoza kwa kura kanyimwa serikali, ni haki?

Mlinzi wa Kura: Septemba 1, 2024, uchaguzi wa bunge la Thüringen, jimbo la Ujerumani, AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, ilipata asilimia 32.8, na CDU, chama cha kihafidhina, 23.6. Desemba 12 aliyechaguliwa kuwa waziri mkuu wa jimbo ni Mario Voigt wa CDU. Wa pili anatawala, wa kwanza anatazama. Na Sachsen, jimbo jirani lililopiga kura siku ileile, AfD walitangaziwa viti 41, kesho yake wakanyang'anywa kimoja. Anayeona ni sawa aje atueleze.

Chausiku: Hilo neno "wakanyang'anywa" lifute. Programu ya kompyuta iligawa viti kwa kanuni ya d'Hondt, ilhali sheria mpya ya Sachsen inataka kanuni ya Sainte-Laguë. D'Hondt inagawanya kura za kila chama kwa 1, 2, 3, 4. Sainte-Laguë kwa 1, 3, 5, 7, kisha viti vinafuata majibu makubwa. Ya kwanza inavibeba vyama vikubwa. Hesabu ilipopigwa upya, AfD ikashuka 41 hadi 40, na CDU iliyokuwa madarakani nayo ikashuka 42 hadi 41. Vyama vidogo vikapanda: SPD wakafika 10, Kijani 7. Mwizi gani anajiibia?

Mlinzi wa Kura: Dada, kugawanya najua. Mbona kosa liangukie kiti kilekile kizito? Bunge la watu 120, ukiwa na 41 unazuia mabadiliko ya katiba yanayohitaji theluthi mbili, ukiwa na 40 huzuii kitu!

Mzee wa Tarakimu: Piga mwenyewe, mkuu. Vyama sita vilivyogawana viti Sachsen vina jumla ya kama asilimia 91.2 ya kura, AfD wakiwa na 30.6. Toa kiti kimoja ambacho chama kidogo cha Freie Wähler walikishinda moja kwa moja katika eneo moja la uchaguzi, vinabaki 119. Sasa 30.6 gawanya kwa 91.2, zidisha kwa 119: 39.9. Arobaini ndiyo haki yao. 41 ilikuwa zawadi ya programu.

Kaka Mjumbe: Mmehamia Sachsen, swali lilikuwa Thüringen. Kule wananchi hawamchagui waziri mkuu, wabunge ndio wanaomchagua kwa kura ya siri. Wabunge 88, mzunguko wa kwanza na wa pili unatakiwa 45. AfD walipata viti 32 na hakukuwa na wa kuungana nao. CDU na washirika wake, vyama vya BSW na SPD, walipata 44, nusu kamili, ila Voigt alipata 51 mzunguko wa kwanza. Nani kanyimwa nini?

Mlinzi wa Kura: Waliungana ili kuwafungia nje tu!

Kaka Mjumbe: Hukumbuki Februari 5, 2020? Mzunguko wa tatu, ambako anayepata nyingi ndiye mshindi, AfD walimwacha mgombea wao na sifuri, wakampa kura Thomas Kemmerich wa FDP, chama cha wabunge watano. Akashinda 45 kwa 44, akajiuzulu siku tatu baadaye. Ndiyo maana safari hii hakuna aliyetaka kufika mzunguko wa tatu.

Chausiku: Na hawajafungiwa nje. 32 kati ya 88 ni zaidi ya theluthi. Kuchagua majaji wa mahakama ya katiba ya jimbo kunahitaji theluthi mbili ya wabunge, na kubadili katiba hivyohivyo. AfD wakigoma, vinakwama.

Mlinzi wa Kura: Kumbe asilimia 32.8 ya kura inazaa asilimia 36 ya viti? Hapo pia pana kasoro.

Mzee wa Tarakimu: Hapo umeuliza la maana. Vyama vilivyokosa asilimia 5, kizingiti cha kuingia bungeni, vilibeba kura 8.6 kwa mia, Kijani peke yao 3.2, na zote hazikupata kiti.

Mlinzi wa Kura: Basi kizingiti kishushwe hadi 3!

Mzee wa Tarakimu: Kijani wangeingia, AfD wangebaki na 30 au 31. Na 30 inatosha kuzuia.