Tupeane uzoefu: mkwaruzo mzito kwenye rangi ya gari, nani ameutengeneza mwenyewe?

Mama Vitz
Wakuu, bajaji imenipitia ubavuni kwenye foleni pale Mwenge. Imeacha mstari kuanzia mlango wa nyuma kurudi hadi karibu na taa. Dereva kasema "samahani dada", kachomoka, huyoo! Nikipitisha kucha inanasa, na katikati ya mstari naona kijivu. Gereji niliyopeleka wanataka kupiga rangi ubavu mzima, na bei waliyotaja inataka kikao cha ukoo. Gari ni Vitz nyeupe ya kupeleka watoto shule, siyo ya kuvuta bibi harusi. Sitaki nadharia. Aliyeshika msasa kwa mkono wake aseme alifanyaje na ilitokeaje.

Probox la Singida
Pole sana dada. Hicho kijivu ni habari njema kuliko unavyodhani. Juu kabisa kuna klia, ile vanishi isiyo na rangi, chini yake rangi, chini yake praima, yaani rangi ya msingi, halafu ndiyo bati. Kwa gari lenye rangi ya kiwandani vyote hivyo kwa pamoja ni kama maikroni 100 hadi 150, yaani unene wa karatasi moja ya printa au zaidi kidogo. Kijivu mara nyingi ni praima, maana yake bati halijaguswa. Ukiona panang'aa kama sarafu, hapo anza kuhesabu siku za kutu.

Mimi napita njia za miiba huku, ubavu wa Probox umejaa michoro. Mingi ukiimwagia maji inapotea, ikikauka inarudi. Hiyo iko kwenye klia tu, naipiga rabing, ile dawa nzito ya kusugulia rangi, kwa mkono na maisha yanaendelea. Ile inayoonekana hata ikiwa imelowa ndiyo nahangaika nayo: naiosha kwa sabuni, nafuta kwa spiriti, najaza rangi kwa ncha ya kijiti cha meno. Siyo ile brashi ya kwenye kifuniko cha kichupa cha rangi, ile ni nene mno, inapaka hadi pasipohusika. Tone dogo, unaliacha lijivute lenyewe ndani ya mfereji, unasubiri likauke, unaongeza. Rangi hunywea ikikauka, kwa hiyo usijaribu kumaliza kwa mkupuo mmoja. Jaza hadi ipande kidogo juu ya usawa wa bodi, ndipo baada ya siku kadhaa uishushe kwa msasa wa maji.

Baharia wa Nyali
Wadau, wenye gari silva msidanganyike na watu wa nyeupe. Yangu ni silva ya Toyota, kodi (namba ya rangi) 1F7. Rangi niliyopaka ni yenyewe kabisa, lakini silva ina chembe za alumini ndani. Kiwandani zimepulizwa zikalala bapa. Ukipaka kwa kijiti zinalala ovyo ovyo, na mstari unaonekana mweusi-mweusi ukisimama upande wa jua. Ukienda upande wa pili hauoni kitu. Nimeuacha vivyo hivyo, maana shida yangu haikuwa urembo. Huku pwani upepo wa chumvi haukupi nafasi, bati likiwa wazi utaona wekundu mapema sana. Kwa aliyefika kwenye bati: kwangua kutu yote hadi uione chuma safi, praima ya kuzuia kutu iingie siku hiyo hiyo, ndipo mambo ya rangi yafuate. Ukifunika kutu kwa rangi itatambaa chini kwa chini hadi rangi ivimbe malengelenge.

Kaka wa Njiro
Yangu ilikuwa bampa, nguzo ya geti. Bampa ni plastiki, kwa hiyo kutu siyo hoja, ila rangi ya kawaida haishiki kwenye plastiki tupu. Lazima kwanza praima ya plastiki, la sivyo inabanduka kama ganda. Mkwaruzo ulikuwa mpana, kijiti kisingefaa, nikatumia makopo ya kupuliza.

Mambo mawili ambayo hayajaandikwa kwenye kopo. Moja, tepu ya karatasi usiibandike ikalala yote, ikunje ukingo ubaki umenyanyuka, rangi ififie yenyewe badala ya kuacha ngazi. Pili, hali ya hewa. Kuna jamaa tulikuwa naye akapuliza klia wakati manyunyu ya Aprili yamekatika kidogo tu, ikageuka ukungu mweupe mbele ya macho yetu. Unyevu uliingia. Mimi nikasubiri siku kavu, asubuhi, kabla bampa halijapata moto.

Na kama gari limewahi kupakwa polishi yenye silikoni, futa haswa. Vinginevyo rangi itajikusanya na kuacha vitundu vya duara, mafundi wanaviita macho ya samaki.

Fundi Rangi Mstaafu
Nimesoma kimya, sasa niwatetee wenzangu kidogo. Fundi anapotaka kupiga paneli nzima si kila mara anakula hela yako. Kwenye metaliki (zenye chembe za chuma kama hiyo silva) na lulu (zenye mng'ao wa lulu), rangi lazima ififishwe kuelekea paneli ya jirani na klia ifike ukingoni, ndipo jicho lidanganyike. Kiraka cha katikati ya mlango kitakuchekesha kila ukifungua. Lakini mstari mwembamba kwenye gari jeupe? Dada ana haki ya kujaribu.

Mama Vitz, angalia kibati kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au ndani ya boneti ukutani, penye maneno C/TR. Ikiwa 040 ni nyeupe ya kawaida. Ikiwa 070 ni nyeupe lulu: chini nyeupe, juu yake tabaka la lulu, juu yake klia. Hiyo kwa kijiti sahau, hautapata inayolingana.

Nawasihi pia msichezee klia ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) nyumbani. Hadina ina isosayaneti, inaharibu mapafu, na barakoa ya vumbi haizuii hata kidogo. Nimefanya kazi na watu walioishia kukohoa wakisikia tu harufu yake.

Mama Vitz
Nimeshuka kuangalia, ni 040! Sasa swali: nitajuaje kama ina klia au haina?

Fundi Rangi Mstaafu
Sugua sehemu iliyojificha kwa rabing, ukitumia kitambaa cheusi. Kikitoka na weupe, unagusa rangi yenyewe, hakuna klia. 040 za zamani nyingi ziko hivyo, na kwako ni nafuu, kazi moja imepungua. Peleka kodi dukani wakuchanganyie kiasi kidogo kabisa wanachokubali. Usiondoke nayo bila kujaribu: dondosha kwenye kipande cha kadi, ikauke, kisha ishike kwenye mlango juani. Rangi mbichi na kavu hazifanani, na gari lako limepigwa na jua miaka.

Probox la Singida
Msasa anza na 2000, uloweke kwanza kwenye maji yenye tone la sabuni, uufunge kwenye kitu bapa kidogo kama kifutio. Sugua juu ya mstari tu, kisha 3000, kisha rabing. Ukifika kwenye ukingo wa mlango kaa mbali nao, pale rangi ni nyembamba na hutoboka haraka.

Mama Vitz
Je, naweza kuipaka waksi siku hiyo hiyo ili ing'ae?

Kaka wa Njiro
Hapana, iache ipumue kama mwezi hivi, vimiminika vilivyobaki ndani vitoke. Na mashine ya presha ya pale car wash mwambie kijana asiielekeze kwenye mstari kwa karibu.