Pasaka na watoto watatu, Mwanza mpaka Kamachumu kwa IST, nipangeje jamani?

mama_kulwa
Habari zenu wadau. Naombeni uzoefu wenu maana hapa kichwa kinauma. Pasaka ya mwaka huu wa 2026 imekaa vizuri sana, Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6 halafu Jumanne tarehe 7 ni Karume, yani siku tano mfululizo, na baba watoto keshasema safari hii lazima twende kwao Kamachumu, mama yake hajamuona mtoto wa mwisho hata kwa picha nzuri maana simu yake ya tochi.

Sasa nna Kulwa na Doto wana miaka 4, na Shija miezi 11. Doto akipanda gari tu anatapika. Sio utani, hata Nyasaka mpaka Buhongwa hafiki. Mwaka juzi tulienda na basi (silitaji), tukakaa siti za nyuma kabisa, lilijaza watu mpaka kwenye korido, mtoto akamtapikia mzee wa watu kwenye kanzu. Nililia njia nzima. Nikaapa sirudii.

Gari tunayo ni IST. Tukienda na dada wa kazi tunakuwa sita. Naulizia: tutoke saa ngapi, tusimame wapi, huyu wa kutapika nimfanyeje, na je tulale njiani au tuunganishe siku moja? Mume wangu anasema ni masaa sita tu. Simuamini.

Dereva_Mkolani
Masaa sita ni ya mtu mmoja kwenye gari na redio, mama. Na watoto watatu weka tisa, kumi, na ukifika mapema shukuru. Mwanza Bukoba ni kilomita mia nne na kitu, nyie mnaishia kabla ya hapo lakini kile kipande cha kuingia Kamachumu kitakula muda na mvua hizi, piga simu kwa wazee siku moja kabla uulize njia ikoje.

Kinachosaidia siku hizi ni daraja la Kigongo-Busisi. Wale wa zamani tunakumbuka foleni ya pantoni Kigongo, sikukuu ungeweza kukaa hapo mpaka mtoto amalize pampasi zote na maji ya kunywa yaishe. Toka Juni 2025 lilipofunguliwa unapita tu, kilomita tatu juu ya ziwa, dakika nne tano uko Busisi. Kwahiyo hesabu ya mumeo labda ameipiga kwa furaha ya daraja.

Ila tochi za trafiki za kupima spidi. Sengerema, Geita, Katoro, Chato, kila penye nyumba na kibao cha hamsini weka hamsini kweli, usiweke hamsini na tano. Sikukuu wanakuwa kila baada ya mti na ni elfu thelathini kila ukikamatwa, hela hiyo si bora ununue sato ule na wanao. Na sita kwenye IST usithubutu, watano ndo mwisho.

Ngosha77
Mbona rahisi, toka saa 11 alfajiri, wape hao mapacha piriton kidogo kabla ya kutoka, wanalala mpaka Muleba hujasikia sauti ya mtu. Mi nafanyaga hivyo kila mwaka 😂

nesi_wa_Igoma
@Ngosha77 hapana kaka yangu, tafadhali. Dawa ya mzio sio dawa ya kulalisha watoto ili mzazi apumzike. Kuna watoto inawageuka kabisa, badala ya kulala anakuwa kama amekunywa kahawa, utajuta ukiwa Katoro. Na wewe mama kulwa usije ukaenda duka la dawa ukauziwa promethazini (nayo ni dawa ya mzio na kutapika) ukampa na huyo mdogo ili "asisumbue", ile haipewi mtoto chini ya miaka 2 kabisa, inaweza kumbana pumzi. Kwa Doto nenda naye kituo cha afya kabla ya safari wampime uzito wakuambie kama anahitaji kitu na kiasi gani.

Mengi yanatibika bila dawa. Asisafiri na tumbo tupu na asisafiri ameshiba chai ya maziwa na chapati za mafuta, mpe kipande cha mkate mkavu au ndizi basi. Akae katikati aone barabara ya mbele. Simu asishike kabisa, mtoto akiinamia katuni gari likikata kona umekwisha. Dirisha wazi kidogo. Na usimuulize kila dakika "unasikia kutapika?" maana ukiuliza anakumbuka.

Huyo wa miezi 11 asipakatwe mbele. Najua wengi tunafanya hivyo lakini breki moja ya ghafla mikono ya mama haimzuii. Tafuteni kiti cha mtoto hata cha mtumba, kifungwe siti ya nyuma, mtoto aangalie nyuma.

mama_kulwa
Asante nesi, hiyo ya promethazini nilikuwa sijui kabisa, na kweli jirani alinishauri niwape wote watatu. Kiti nimepata cha kuazima. Dada nimemwambia aende kwao Magu akale sikukuu, amefurahi kuliko sisi. Sasa kutapika kwenyewe nakingaje, zamani ilikuwa rambo tu.

binti_wa_pansiansi
Rambo zimepigwa marufuku toka 2019 na ile mifuko mingine inavujaga shosti. Chukua kandoo kadogo ka aiskrimu kale ka lita mbili kenye mfuniko, weka tishu mbili tatu chini. Akimaliza unafunika, harufu haitoki, mkisimama unamwaga unasuuza. Mi nnako kwenye gari mwaka wa tatu sasa, tunakaita "bosi". Watoto wenyewe wanasema mama niletee bosi. Beba na kitenge cha zamani cha kumfunika mapajani na nguo zake za kubadili usiweke chini kabisa ya buti, weka kwenye mfuko miguuni pako. Hapo ndo watu wanakosea, mtoto kachafuka yuko uchi barabarani Geita mvua inanyesha baba anafukua mabegi.

Waitu_wa_Muleba
Karibuni Kagera waitu! Mmesahau meli. Inatembea usiku, watoto wanalala, asubuhi mnashuka Kemondo na hapo Kamachumu sio mbali. Mtoto anayetapikia gari kwenye meli anaweza akawa mzima kabisa, wangu yuko hivyo.

Mkija kwa gari basi sikilizeni. Moja, jioni kule kuna baridi sio kama Mwanza, sweta za watoto na soksi. Chandarua bebeni ya kwenu, kwa bibi wageni wakiwa wengi vyandarua havitoshi na mbu wa Aprili hawana sikukuu. Mkipita maeneo ya ziwani watoto wakitaka kuchezea maji waacheni wapige picha tu, kichocho kipo. Na la mwisho na la muhimu kuliko yote buti msilijaze mkienda. Mama mkwe hawezi kukuacha utoke mikono mitupu. Utapewa mkungu, utapewa maharage, utapewa kitu kina miguu.

mama_kulwa
Meli nimemwambia akasema kule bila gari atakuwa kama mgeni kwao. Hawa watani zangu mnawajua wenyewe 🙄 lazima aonekane kaja na gari. Basi tunatoka Ijumaa saa 11 alfajiri. Ntaleta mrejesho.

Dereva_Mkolani
Angalieni upepo wa taili la spea, wengi wanabeba spea nalo limelala. Waipa pia. Na msirudi Jumanne, rudini Jumatatu, Jumanne ile kuanzia Usagara mpaka Buhongwa mtasoma namba.

mama_kulwa
Mrejesho. Samahanini nimechelewa, nilikuwa nafua.

Tulitoka saa 12 kasoro badala ya 11 kwasababu Kulwa alificha kiatu. Daraja nililowaahidi wiki nzima tulipita wote watatu wamelala, baba yao akataka kuwaamsha nikamwambia ukiwaamsha unaendesha huku unanyonyesha. Doto katapika mara moja tu, Katoro, na ni kosa langu nilimnunulia juisi. Bosi kafanya kazi yake, hata tone halikumwagika. Tulisimama kila baada ya masaa mawili hivi, wanakimbia, wanakojoa, tunaondoka. Tumefika saa 10 jioni. Masaa sita, aliniambia.

Bibi alimshika Shija hakumwachia mpaka usiku, na Shija ambaye halali kwa mtu alilala.

Hatukumsikiliza dereva, tulirudi Jumanne. Hatutaki kuliongelea.

@Waitu_wa_Muleba ulisema kweli kabisa. Mkungu mmoja ulikaa chini ya miguu yangu, maharage kwenye buti, na jogoo kafungwa miguu akawekwa nyuma na Doto maana Doto alilia akisema asiwekwe na mizigo. Doto kutoka Kamachumu mpaka Nyasaka hajatapika hata kidogo, alikuwa bize kumuuliza jogoo kama anasikia kutapika. Sasa jogoo yuko bafuni siku ya nne, keshapewa jina, na baba yao anauliza tunachinja lini, nyie mmemjibuje mtu wa hivi?